Uzoefu wangu: Multatuli Huis, Amsterdam

Jina la Max Havelaar nililijulia kwenye pakiti ya kahawa, kama nembo ya biashara ya haki, kabla sijajua kwamba ni riwaya. Mimi mtoto wa Bukoba, kahawa nimeichuma tangu utotoni, kwa hiyo pakiti zake huwa nazisoma kama gazeti. Mwezi uliopita nikaenda kumtafuta mwandishi wa riwaya hiyo, Multatuli, katika nyumba aliyozaliwa mwaka 1820, ambayo sasa ni makumbusho yake, kwenye kichochoro cha Korsjespoortsteeg. Ngazi zimesimama wima, mambo ya nyumba za zamani za Amsterdam. Wenye magoti mabovu wajipange.

Nilienda kumwona mtetezi. Jina lake halisi ni Eduard Douwes Dekker, na alikuwa ofisa wa kikoloni wa Kiholanzi Lebak, huko Java, Indonesia ya leo. Mwaka 1856 alimshtaki mtawala wa pale kwa kuwanyonya wakulima, wakubwa wake wasimsikilize, akaacha kazi. Akajiita Multatuli, Kilatini, yaani "nimeteseka sana". Makuu alikuwa nayo.

Kumbe mwenye mateso ni Tine, mkewe. Mwaka 1859 bwana yuko Brussels anaandika Max Havelaar, mke na watoto wamehifadhiwa kwa shemeji. Oktoba 13 akamwandikia: kitabu changu kimekwisha, kitabu changu kimekwisha! Kikatoka 1860, jina likavuma, nyumbani bado hakukaliki. Akishika pesa zinaishia kwenye meza za kamari Ujerumani, maana aliamini kabisa ruleti ina hesabu yake. Kisha akaja Mimi (ndiyo, ni jina la mtu), mdogo kwake kwa miaka 19, na kuna wakati wote watatu waliishi nyumba moja The Hague. Tine akabeba watoto akaenda zake Italia, akafia Venice 1874. Mwaka uliofuata bwana akamuoa Mimi.

Sofa aliyofia Ujerumani mwaka 1887 ipo hapo. Nilikuwa nimepanda na hasira zote za Tine, lakini nilipoifikia nikajikuta nanyata, mikono nyuma, kama nimeingia msibani.

Ukitoka, sanamu yake iko karibu tu, darajani Torensluis. Nilimpigia mke wangu nikiwa pale, nikamsimulia yote. Akauliza, "Na ya Tine iko wapi?"

Nitarudi, ila na kamusi. Kiholanzi changu ni cha sokoni, na mimi sasa nazitaka zile barua.