Kadi ya grafiki, feni zake, na programu yenye usahaulifu

Chumba changu kiko Sinza, Dar es Salaam, hakina kiyoyozi, na mwezi wa pili hata ukuta unatoa jasho. Ndiyo maana nilipopata kadi ya grafiki ya mtumba (kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu) nilikimbilia kupakua programu ya watengenezaji wa kadi yenyewe, niseti feni nitakavyo.

Balaa lilianza na kelele. Kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni kabisa zisipokuwa na kazi, kisha feni huzunguka joto likifika nyuzi 50 au 60 hivi. Sasa kwangu chumba chenyewe ni nyuzi 32, kwa hiyo kadi hata ikikaa bure inacheza palepale mpakani. Feni inawaka, joto linashuka, inazima, joto linapanda, inawaka tena. Vuuu, kimya, vuuu, kimya, usiku kucha. Mdogo wangu akaniuliza kama kompyuta ina pumu.

Dawa yake ni kuizuia feni isizime mpaka joto lishuke nyuzi kadhaa chini ya pale ilipowakia. Sehemu hiyo imo kwenye programu, ila wameificha ndani kabisa kwa jina ambalo hata fundi angelikunia kichwa. Niliweka tofauti ya nyuzi 5, feni ikatulia. Nikalala.

Siku ya tatu niko katikati ya gemu, picha zinakwamakwama, joto nyuzi 84. Kufungua programu, mchoro wangu wa feni, ule unaopanga feni izunguke kasi gani kwa joto gani, haupo, umerudi ule wa kiwandani. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, ilikuwa imejisasisha, na programu haikunitamkia hata neno moja. Kelele ningeivumilia, lakini hili la kufuta kazi yangu kimyakimya sijalisamehe mpaka leo.

Baadaye nikagundua kuwa programu ya taa za rangi niliyokuwa nimeisahau kwenye kompyuta nayo inazigusa feni hizohizo. Nikaitoa, taa zenyewe sizihitaji.

Kilichonisaidia hasa ni kupunguza, humohumo kwenye programu ya kadi, kikomo cha umeme ambao kadi inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 80. Kwenye gemu ninayocheza nilishuka kutoka fremu (picha) 75 hadi 71 kwa sekunde, tofauti nisiyoiona kwa macho, na joto likapungua nyuzi 9. Mchoro wa feni nimeuhifadhi kama profaili, na kila draiva ikisasishwa naenda kuuchungulia kama chungu jikoni.

Naipa nyota mbili kati ya tano: moja ya hicho kikomo cha umeme, nyingine kwa kuwa ni ya bure.