Kombe la Kuchonga Sebuleni: Ununue Mafuta Gani?

Ukikaa Mtwara, kombe la mapambo, yaani gamba la konokono wa baharini lililochongwa nakshi, lina maadui wengi kuliko vumbi. Upepo wa Shangani unakuja na chumvi, na kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu hauishi ukutani. Lazima lipakwe kitu, na dukani viko vingi. Mimi navipanga hivi.

Namba moja ni mafuta mepesi ya watoto, yale maangavu kama maji, ya duka la dawa. Geuza chupa usome lebo: paraffinum liquidum iwe ya kwanza, manukato kidogo iwezekanavyo. Hayachachi wala hayagandi. Osha kombe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, pitisha mswaki laini wa mtoto ndani ya nakshi, kisha liache likauke kabisa. Paka tone moja kwa pamba, lilale nalo, asubuhi ufute mpaka kidole kisiteleze. Chupa ndogo utakaa nayo mpaka uisahau.

Mafuta ya nazi ni ya pili, na hapo nimeyapendelea. Siku ya kwanza kombe linang'aa kweli. Baadaye yanachacha, vumbi linanasa kwenye mistari, na sisimizi nao hawakawii.

Vanishi naiweka ya tatu kwa shingo upande. Wauzaji wanaipenda kwa kuwa inavuta macho ya mteja, lakini inaziba mistari myembamba, inageuka njano, na kuitoa ni kazi. Kombe linalong'aa kama plastiki limeshapakwa. Mafuta hayatalisaidia tena.

Jiki, siki na ndimu, acha dukani. Kombe ni kalisi kaboneti, jamii moja na chokaa, na asidi ya siki na ndimu huila. Makombe ya tabaka mbili, yenye picha nyeupe iliyochongwa juu ya tabaka la kahawia, ndiyo yanayoumia zaidi: Waitalia wa mji wa Torre del Greco huyachonga hata kwa kombe jekundu la pwani yetu hii, na ule weupe ni mwembamba mno.

Hela ikibaki, nunua kopo la plastiki lenye mfuniko. Boksi la viatu na sanduku la mbao hutoa mvuke wenye asidi, na kwenye unyevu wetu kombe huota unga mweupe. Wengi hudhani ni ukungu, wanalirudisha palepale. Lioshe, likaushe, ulihamishe.