Uzoefu wangu: kuvuta jumbe za Amazon SQS kwa fankisheni za Lambda

Ukiwa ndani ya Lambda (huduma ya AWS, wingu la Amazon, inayoendesha vipande vya msimbo viitwavyo fankisheni), kuna njia mbili za kuchukua jumbe kutoka foleni ya SQS (huduma ya AWS ya foleni za jumbe). Ya kwanza: fankisheni inaamshwa kwa ratiba, tuseme kila dakika, inaita ReceiveMessage (ombi la kupokea jumbe) yenyewe, inafanya kazi, kisha inafuta. Ya pili: unaiunganisha foleni na fankisheni, halafu Lambda ndiyo inayovuta jumbe na kuikabidhi fankisheni fungu la jumbe lililo tayari. Nimetumia zote mbili, na kwa kazi nyingi naipendekeza ya pili bila kusita. Muunganisho huo upo tangu 2018, na kwa foleni za FIFO (zinazotunza mfuatano wa jumbe) tangu 2019. Ila mipangilio unayoikuta mwanzoni haifai kuachwa ilivyo.

Njia ya ratiba inaonekana rahisi mpaka uanze kuhesabu. ReceiveMessage huleta jumbe 10 kwa wingi wake wote, hata foleni ikiwa na maelfu, kwa hiyo lazima uzungushe ombi hilo. WaitTimeSeconds (sekunde ambazo ombi linasubiri jumbe) ikibaki 0, ombi hupekua baadhi tu ya seva zinazohifadhi foleni, na jibu linaweza kurudi tupu ilhali jumbe zipo. Ukiipandisha hadi 20, ambacho ndicho kikomo, tatizo hilo linaisha, lakini sasa unalipia sekunde ambazo fankisheni imekaa ikisubiri. Tena muda wa mwisho wa fankisheni mpya ya Lambda ni sekunde 3: usipouongeza, fankisheni itakatwa ikiwa bado inasubiri jibu. Na maombi yanayorudi tupu nayo yanahesabiwa kwenye bili. Mimi huibakiza njia hii kwa kazi moja tu, ile inayotakiwa kufanyika saa maalumu na si wakati mwingine wowote. Ukiitumia, kumbuka kwamba kufuta kunahitaji ReceiptHandle (alama ya upokeaji huo), si MessageId (kitambulisho cha ujumbe), na ujumbe ukipokelewa upya hupewa ReceiptHandle nyingine. Tumia ya mwisho.

Kwenye muunganisho, mambo huanza na ruhusa tatu kwa jukumu (role) la fankisheni: sqs:ReceiveMessage, sqs:DeleteMessage na sqs:GetQueueAttributes. Huna haja ya kuandika msimbo wa kufuta. Fankisheni ikimaliza bila kosa, Lambda inafuta fungu zima. Ikitupa kosa, haifuti chochote.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Kupokea ujumbe hakuutoi kwenye foleni. Unafichwa kwa muda, na muda huo ukiisha kabla haujafutwa, unaonekana tena na mwingine anaweza kuuchukua. Muda wa kufichwa wa kawaida ni sekunde 30, na unaweza kufika saa 12. Muda wa fankisheni ukiwa mrefu kuliko muda wa kufichwa, muunganisho hautakubaliwa kabisa. Kulingana tu hakutoshi: AWS wenyewe wanashauri muda wa kufichwa uwe angalau mara 6 ya muda wa fankisheni, pamoja na muda wa kukusanya fungu ikiwa umeuweka. Fankisheni ya sekunde 60 yenye dirisha la kukusanya la sekunde 30 inataka basi sekunde 390. Sababu ni kwamba Lambda huenda ikakataliwa nafasi ya kuendesha fankisheni kwa muda, na jumbe zilizokwisha kuvutwa zinahitaji kubaki zimefichwa wakati inajaribu tena. Gharama yake ni kwamba ujumbe ulioshindikana nao utasubiri sekunde 390 kabla ya kujaribiwa upya. Kama hilo ni refu mno kwako, fankisheni inaweza kuita ChangeMessageVisibility kwa ujumbe huo mmoja na kuupunguzia muda. Ongeza ruhusa yake.

Ukubwa wa fungu huanzia 10. Kwa foleni za kawaida unaweza kufika 10,000, mradi uweke dirisha la kukusanya la angalau sekunde 1. Kwa FIFO kikomo kinabaki 10. Fungu lote lazima litoshe ndani ya MB 6, kwa hiyo jumbe zikiwa kubwa usitegemee kuifikia namba uliyoandika.

Fungu kubwa bila taarifa ya kushindwa kwa sehemu ni hatari, na kama kuna mpangilio mmoja ningependa kila mtu auwashe leo ni ReportBatchItemFailures. Chukua fungu la jumbe 100 ambapo ujumbe mmoja una data mbovu. Bila mpangilio huu, kosa la huo mmoja linarudisha zote 100, na zile 99 zilizokwisha kufanyiwa kazi zinafanyiwa tena. Ukiuwasha, fankisheni inarudisha orodha ya zilizoshindikana tu:

{"batchItemFailures": [{"itemIdentifier": "messageId ya ujumbe huo"}]}

Kila ujumbe ushughulikiwe ndani ya try yake (sehemu ya msimbo inayodaka makosa), na kosa likitokea, messageId iongezwe kwenye orodha. Orodha tupu maana yake zote zimefaulu. Mitego ni miwili. Ukikosea jina la ufunguo wa itemIdentifier au ukairudisha tupu, Lambda inahesabu fungu zima limeshindikana. Ukiwasha mpangilio lakini msimbo ukameza makosa na kurudisha null, zote zinahesabiwa zimefaulu na zinafutwa, hata ile mbovu. Kwa FIFO, simama kwenye ujumbe wa kwanza ulioshindikana, kisha rudisha huo pamoja na zote zilizofuata, la sivyo mfuatano wa jumbe unavurugika.

Hata hivyo marudio yatakuwepo. Foleni ya kawaida inaahidi kufikisha angalau mara moja, haiahidi mara moja tu. Usikinge marudio kwa messageId peke yake: mtumaji akituma jambo lile lile mara mbili, kila ujumbe unapata messageId yake. Namba ya oda au ya muamala ndiyo kinga ya kweli, ikiandikwa kwenye hifadhidata kwa sharti kwamba haijawahi kuwepo.

Foleni ya pembeni ya jumbe zilizoshindikana iweke kwenye foleni yenyewe, si kwenye fankisheni. Ile ya fankisheni ni ya miito isiyosubiri jibu na haihusiki hapa. maxReceiveCount (mara ambazo ujumbe unaweza kupokelewa kabla ya kuhamishiwa pembeni) iwe 5 au zaidi. Kuna jambo wengi hulipita: kwenye foleni za kawaida, ujumbe ukihamishiwa pembeni hubaki na tarehe yake ya kwanza. Foleni zote mbili zikiwa na siku 4 za kawaida za kuhifadhi jumbe, ujumbe uliokaa siku 3 kwenye ya kwanza una siku 1 tu ya kusomwa pembeni. Mimi huiwekea ya pembeni siku 14, ambacho ndicho kikomo.

Kuhusu kasi, Lambda huanza kwa kuendesha mafungu 5 sambamba, kisha inaongeza foleni ikijaa. Hifadhidata yako inaweza isihimili. Watu hukimbilia kuweka kikomo cha fankisheni yenyewe, na kikiwa kidogo wavutaji wa Lambda (sehemu yake inayovuta jumbe) wanaendelea kuvuta, jumbe zinakataliwa na kurudi, hesabu ya kupokelewa inapanda, na mwisho zinahamishiwa pembeni bila kuguswa hata mara moja. Tumia kikomo cha usambamba kilicho kwenye muunganisho, maana hicho kinawazuia wavutaji wenyewe. Cha chini kabisa ni 2. Hifadhidata inayokubali miunganisho 20 kwa wakati mmoja mimi ningeipa 15.

Vichujio vya muunganisho navyo vitumie kwa uangalifu mkubwa: ujumbe usiolingana na kichujio haubaki foleni kumsubiri msomaji mwingine, Lambda inaufuta.

Kengele ninazoweka ni mbili: ApproximateAgeOfOldestMessage kwenye foleni kuu, na ApproximateNumberOfMessagesVisible (idadi ya jumbe zinazosubiri) ikizidi 0 kwenye ya pembeni. Idadi ya jumbe kwenye foleni kuu hainisumbui sana, kwa kuwa foleni inaweza kujaa na bado ikawa inasogea vizuri. Umri wa ujumbe mkongwe ukipanda mfululizo, hapo kweli kuna kitu kimekwama.