Kamusi ya Juzuu Mbili, Kupimwa kwa Neno Moja

Mwezi uliopita nilinunua, kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba kando ya Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, toleo la mwaka 1971 la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lile lililobanwa likaingia katika juzuu mbili nene ndani ya kasha moja. Nililipa shilingi 7,000 baada ya kuvutana bei kwa muda mrefu, kisha nikatafuta tuktuk, kwa sababu mzigo wenyewe haukuwa wa kubebwa mkononi hadi Nyalenda.

Sikuinunua iwe pambo la kabati. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha wageni wanaokodi mashua Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na sentensi ya kwanza kabisa ikanikwamisha, kwa kuwa ilisema kwamba mashua "glides" kando ya mafunjo. Kamusi ndogo nilizo nazo nyumbani hulijibu neno hilo kwa kitenzi kimoja, kuteleza. Lakini mtu wa ziwani akiambiwa kwamba mashua imeteleza, atauliza kwanza waliookolewa ni wangapi. Kwetu kuteleza kuna utelezi, kuna mguu uliokosa pa kukanyaga, na kuna ulimi uliosema lisilopasa. Hakuna ule utulivu ambao mwandishi wa kijitabu alikuwa akiutaka. Ndipo nikaamua kutafuta kamusi ambayo haitoshelezwi na maana ya leo tu, bali humwonyesha msomaji neno lilikotoka na njia lililopitia, na nitaipima kamusi hii kwa neno hilo moja lililonipeleka kwayo.

Kwanza umbo lake. Toleo hili lina maandishi yote ya chapa ya mwaka 1933, ambayo ilikuwa na juzuu 13, na ili yaenee katika juzuu mbili wachapishaji walizipunguza kurasa kwa picha, wakapanga nne za zamani katika ukurasa mmoja mpya. Herufi zimekuwa ndogo kama chembe za ulezi. Kwa sababu hiyo kasha liliuzwa likiwa na droo ndogo juu, na ndani ya droo kioo cha kukuzia. Droo ya kasha langu ilikuwa tupu, na muuzaji aliniahidi kwamba kioo kingepatikana kesho, kesho ambayo bado haijafika. Nilikwenda kwa fundi wa saa, akaniuzia kioo chake cha zamani, na tangu hapo nasoma mchana tu, karibu na dirisha. Anayetaka kununua nakala ya mitumba afungue droo kabla ya kutoa pesa.

Ukishazoea udogo wa herufi, unakutana na kazi ya ajabu. Wasomi wa London waliianzisha fikra yake mwaka 1857, sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Kila maana ya neno hufuatwa na dondoo zenye tarehe, kuanzia ya kale kabisa iliyopatikana, na maana iliyokufa huwekewa alama ya kisu kidogo ubavuni. Herufi G ilisimamiwa na Henry Bradley, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa kampuni ya visu huko Sheffield, bila shahada ya chuo kikuu. Kilichomfungulia mlango ni tathmini aliyoiandika kuhusu sehemu ile ya kwanza ya mwaka 1884. Mimi ninayeandika tathmini hii siombi kazi, lakini habari hiyo ilinifurahisha. Juzuu ya F na G ilikamilika mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika hapa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence.

Sasa neno lenyewe. "Glide" ni neno la asili ya Kiingereza, halikukopwa kutoka Kilatini wala Kifaransa. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "glidan", na ndugu zake wangali hai ng'ambo ya bahari, "gleiten" kwa Wajerumani na "glijden" kwa Waholanzi. Lilikuwa miongoni mwa vitenzi vinavyobadili irabu ya ndani ili kuonyesha wakati uliopita. Kama "ride" lilivyo na "rode" hadi leo, "glide" lilikuwa na "glode", umbo ambalo lilififia polepole hadi likaacha nafasi yake kwa "glided" ya kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelia kwa sababu ya vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni angefarijika kujua kwamba kimoja angalau kilitii.

Kilichonishangaza zaidi ni upana wa matumizi ya kale. Katika shairi la Kiingereza cha Kale kuhusu vita vya Brunanburh, vilivyopiganwa mwaka 937, kinachofanya tendo hili ni jua: linachomoza asubuhi, linapita juu ya nchi yote ambako watu wanauana, na mwisho linatua. Katika shairi la Beowulf ni waogeleaji wawili wanaoshindana baharini. Kwa mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, ni mpanda farasi anayeondoka kama cheche inavyoruka kutoka kwenye kinga cha moto, picha ambayo haina upole hata kidogo. Katika hadithi za mashujaa za zama hizo hizo, mkuki nao huweza kupita hivyo mwilini mwa mtu. Kumbe neno ambalo leo tunalihusisha na ulaini na utulivu liliwahi kubeba kasi na hata ukali, mradi mwendo haukukatika. Hapo ndipo nilipoelewa kosa la kamusi zangu ndogo. Kiini cha neno si utelezi, ni kutokatika kwa mwendo, yaani kitu kinapita bila hatua, bila mshtuko, na bila nguvu inayoonekana.

Baadaye mizimu ikaingia, na nadhani ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa kiumbe asiye na miguu hana namna nyingine ya kutembea. Shakespeare huwatembeza mizimu wake kwa kitenzi hiki kwenye njia za makaburini, na katika mchezo wake mwingine nyoka anayejinyonganyonga kuelekea kichakani hutajwa kwa neno hili likiwa nomino. Mito pia, na wakati, na machozi. Nilipokuwa nikisoma niliandika pembeni vitenzi vyetu, na orodha ikawa ndefu kuliko nilivyotarajia: machozi hutiririka, nyoka hunyiririka, mtoto huserereka kwenye mteremko wa nyasi, mwewe huelea, chombo huambaa ufuo. Kiingereza kimeyakusanya yote katika kapu moja. Sisi kila mwendo tumeupa jina lake. Silisemi hilo kwa majivuno, maana kapu moja nalo lina faida yake kwa mshairi.

Kuhusu mwewe kuna jambo ambalo lingenipita kama ningetegemea kamusi fupi. Katika Kiingereza cha Kale ndege huyo aliitwa "glida", jina la shina moja na kitenzi "glide", na lahaja za kaskazini mwa Uingereza na za Uskoti zimelihifadhi hadi zama zetu kwa maumbo kama "gled". Aliyempa jina alimtazama akiwa amekunjua mabawa bila kuyapiga, akizunguka juu kwa juu. Aliyewahi kula samaki wa kukaanga mahali pa wazi karibu na ziwa letu, sahani ikiwa haina kifuniko, anamjua ndege huyo vizuri, ingawa pengine angempa jina la mwizi kabla ya jina la mwendo wake.

Walimu wa Kiswahili nao wana sababu yao ya kulifuata neno hili. Wanafonetiki wa Kiingereza, yaani wataalamu wa sauti za lugha, walilichukua kuitaja sauti inayotokea ulimi unapopita kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kwa namna ya pekee sauti za w na y. Sisi tunaziita viyeyusho, au nusu irabu. Mu- ikikutana na -ana tunapata mwana, vi- ikikutana na -umba tunapata vyumba, u- ikikutana na -imbo tunapata wimbo. Mwingereza alisikia hapo kitu kinachopita bila kusimama, na istilahi yetu inamsikia u au i akiyeyuka mbele ya irabu nyingine kama mafuta ya kupikia kwenye sufuria ya moto. Kwa maoni yangu istilahi yetu inaeleza vizuri zaidi kinachotendeka katika lugha yetu, na nitaitetea darasani.

Upungufu wa toleo hili hauhitaji maneno mengi. Otto Lilienthal alikufa mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo chake cha kupaa kisicho na injini, na ndugu wawili Wright waliruka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903, miaka miwili baada ya juzuu ya G kukamilika. Kwa hiyo anayetafuta lugha ya usafiri wa anga ndani ya maandishi makuu ataondoka na kidogo. Nyongeza ya mwaka 1933, ambayo imo ndani ya juzuu hizi, huokota sehemu ya maneno yaliyozuka baadaye, na baada ya hapo mlango umefungwa. Ndege inapoteremka kuelekea uwanja wetu juu ya maji, kwa kawaida rubani hufuata mteremko wa takriban digrii 3 ambao marubani huutaja kwa neno hili hili. Matumizi kama hayo yatafutwe katika kamusi ya sasa iliyo kwenye intaneti, ambayo hulipiwa.

Mwanafunzi anayetaka maana ya haraka kabla ya mtihani asiiguse. Mtafsiri, mwalimu wa fasihi au mwandishi ambaye amewahi kukwama saa nzima kwa neno moja atapata thamani ya pesa zake, na nikiulizwa nitatoa alama nne kati ya tano, ya tano nikiizuia kwa ajili ya macho yangu. Wivu kidogo pia ninao. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ilitoka mwaka 1882, miaka miwili kabla ya sehemu ya kwanza ya hii, na hadi leo sijashika mkononi kamusi ya Kiswahili inayolifuata neno kama kuambaa karne kwa karne, dondoo kwa dondoo, kutoka tenzi za Lamu hadi magazeti ya wiki hii.

Kijitabu cha Dunga kimekwisha kwenda kwa mpiga chapa. Sentensi ya kwanza inasomeka hivi: mashua inaambaa mafunjo bila kelele, na mwewe wameelea juu yake. Sehemu ya mwewe haikuwamo katika Kiingereza. Niliiongeza mimi, na mwenye kazi aliikubali bila kuuliza.