Wakala wa Kutafutia Ofisi Mafundi wa Kompyuta, Mombasa: Vyeti Vilihakikiwa, Kazi Haikupimwa

Ofisi yetu iko Shimanzi, karibu na bandari, na kazi yetu ni kutoa mizigo ya wateja forodhani. Mtandao ukikatika asubuhi hatuwezi kuingia katika mfumo wa forodha, na kontena ambalo muda wake wa bure umekwisha huendelea kuhesabiwa gharama za hifadhi hata kama kosa ni la kebo ya mita mbili. Fundi wetu wa miaka mingi, aliyesoma pale Tudor wakati Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilipokuwa bado kikiitwa Mombasa Polytechnic, alipotuarifu kwamba anastaafu, wenzangu walipendekeza tuikabidhi kazi hiyo kampuni ya kutuhudumia kwa simu. Nilikataa kwa kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndipo nikaenda kwa wakala wa ajira ambaye huduma yake naieleza hapa bila kumtaja jina.

Kwa ada ya nusu mshahara wa mwezi wa atakayeajiriwa, wakala hutangaza nafasi, hupokea maombi, huhakiki vyeti, huwapanga waombaji kwa alama na kuleta watano wa kwanza kwenye usaili. Katika uhakiki sina la kumlaumu, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia. Hakukubali nakala zilizopigwa mihuri mtaani, bali aliviandikia vyuo vyenyewe, na vyeti vya kitaalamu vya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, na CompTIA, chama cha sekta ya kompyuta, alivikagua kwa namba zao za uthibitisho katika tovuti za watoaji. Mwombaji mmoja aliondolewa kwa sababu namba aliyoitoa haikuwa na mwenyewe. Kazi hiyo ingenichukua wiki mbili, na huenda nisingeimaliza.

Tatizo ni jedwali lake la alama. Shahada hupewa alama 50, vyeti vya kitaalamu 30 na uzoefu 20, na jedwali hilo ni lile lile awe anatafutwa mwandishi wa programu, mlinzi wa data au fundi wa kupanda ngazi na kuvuta kebo. Hakuna aliyeniuliza mtu huyo atafanya kazi gani siku ya Jumatatu. Kama tungekuwa tunaunda mfumo wetu wenyewe wa kufuatilia mizigo, ningemweka mwenye shahada mbele bila kusita, kwa maana miaka minne ya chuo humfundisha mtu jinsi hifadhidata inavyopangwa na kwa nini programu iliyofanya kazi kwa watumiaji kumi huzidiwa na elfu moja. Sisi tulihitaji mtu wa kuiweka ofisi ya watu ishirini na wanne hewani kila siku.

Kwa ushauri wa fundi wetu anayestaafu, nilibadilisha usaili. Tuliwasha kompyuta moja ambayo haikuwa na mtandao, na skrini ilionyesha anwani ya mtandao, yaani namba ya kuitambulisha kompyuta, inayoanza na 169.254, ambayo kompyuta ya Windows hujipa yenyewe inaposhindwa kupewa anwani na seva, yaani mashine inayozigawa. Aliyeongoza orodha, mwenye shahada ya daraja la juu, alitueleza vizuri sana tabaka za mtandao, akaizima kompyuta na kuiwasha mara mbili, kisha akapendekeza iwekewe Windows upya. Wa pili, mwenye CCNA, cheti cha Cisco cha ufundi wa mitandao, alichokipata mwaka uliotangulia, aliitambua anwani ile papo hapo na kusema, kwa usahihi, kwamba kompyuta haijaifikia seva. Ila alianza kuikagua seva, na robo saa ikapita kabla ya kurudi kwenye meza. Wa tano, mwenye stashahada na miaka saba katika duka la kutengeneza kompyuta Kongowea, aliinama kabla ya kugusa kibodi.

“Dada, nisaidie tochi,” aliniambia. Taa ndogo kwenye tundu la kebo ilikuwa ikiwaka na kuzimika ovyo. Alichomoa kichwa cha kebo, akatuonyesha kutu ya kijani kwenye meno ya kichwa hicho na kumwambia fundi wetu, “Chumvi ya bahari hii, mzee.” Alikikata, akabana kipya kwa koleo lake mwenyewe, na kompyuta ikapata anwani.

Nisimpambe kupita kiasi. Alipoulizwa jinsi ya kuutenga mtandao wa wageni na ule wa uhasibu juu ya swichi moja, yaani kifaa kinachounganisha kebo za kompyuta zote, alibabaika, ilhali wa pili aliuchora mpango wote karatasini. Hapo ndipo cheti kinapoonyesha thamani yake: kinakulazimisha kusoma hata yale ambayo duka lako halijawahi kukuletea.

Sasa lile jambo la uhakiki. Mwombaji wa tatu alipewa alama zote 30 kwa CCNA ya mwaka 2016. Cheti hicho hudumu miaka mitatu, naye hakukihuisha, kwa hiyo kiliisha mwaka 2019, kabla ya Cisco kuunganisha matawi yake mengi ya CCNA kuwa mtihani mmoja mwaka 2020. Wakala alithibitisha kwamba cheti si cha kughushi bila kutazama tarehe. Uzoefu nao aliuhesabu kwa miaka na barua zenye nembo, hivyo duka la Kongowea likapata alama 6, wakati wa nne, aliyekaa miaka mitano katika ofisi kubwa, alipata 18. Nilipomwomba huyo atusimulie hitilafu iliyomshinda kwa zaidi ya siku moja, hakuwa nayo. Kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha wino wa printa.

Tumemwajiri wa tano na tunamlipia masomo ya CCNA. Wa pili tulimpa kazi ya mkataba ya kutupangia swichi, gharama ambayo sikuitarajia. Wakala nampa nyota tatu kati ya tano, zote kwa uhakiki. Nilimwomba wakati mwingine aniuzie uhakiki peke yake, nami nipange waombaji mwenyewe. Alinijibu kwa adabu kwamba huduma hiyo haiuzwi kando.