Tiketi za msimu za Purdue: nilipie tena au niachane nazo?

Barua pepe ya kulipia tena tiketi ina wiki ya tatu kwenye simu yangu. Nimeifungua, nimeifunga, nimeiwekea alama ya nyota, nimeitoa. Ni viti vinne, Ross-Ade Stadium, West Lafayette, Indiana, kona ya juu kabisa, benchi la alumini lisilo na pa kuegemea. Timu ni ya chuo kikuu cha Purdue, mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Katika misimu miwili iliyopita imecheza mechi 24 na kushinda 3. Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza kila mara kama tiketi ya msimu ina maana au ni kutupa hela, kwa hiyo naandika uzoefu wangu kama ulivyo. Tena nikiri kabisa, nilipoanza kuandika nilikuwa bado sijaamua.

Nilivyoingia humu ni hivi. Mwaka 2022, nikiwa mgeni Lafayette, Purdue ilimaliza ya kwanza katika kundi lake la Big Ten, ligi ya vyuo tunayocheza, ikaenda Indianapolis kucheza fainali na Michigan. Ilifungwa 43-22, lakini mji mzima ulikuwa na furaha ya mtu aliyefungwa fainali, ambayo mtu wa Simba au Yanga anaijua: unalia huku unajisifu. Nikajua timu ndiyo hii. Kazini walinisimulia 2018, walipoikung'uta Ohio State 49-20 ikiwa namba 2 nchini, na 2021, walipozipiga Iowa na Michigan State zote zikiwa juu kwenye orodha. Nikanunua viti vinne: mimi, mama watoto, kijana wetu na binti yetu.

Kumbe kocha alishaondoka. Jeff Brohm alikwenda Louisville, chuo alichochezea yeye mwenyewe, hata kabla sijatoa kadi ya benki mfukoni. Mimi nilichukulia kawaida, maana kwetu makocha huja na kuondoka na timu inabaki palepale. Huku haibaki. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 anahama mara atakazo, alimradi masomo yake yako sawa. Mwaka huohuo wa 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa wanamichezo wote wa chuo. Kwa mnunuzi wa tiketi maana yake ni moja: mwezi wa pili unalipia kikosi usichokijua. Mwezi wa tisa unafungua karatasi ya majina na nusu yao ni wageni kwako, na wewe ni mgeni kwao.

Msimu wangu wa kwanza, 2023, walishinda 4 wakafungwa 8. Kuna wikiendi moja ya msimu ule sitaisahau. Jumamosi ya Novemba 4 Purdue ilikula 41-13 kwa Michigan. Nikajifariji kwamba kesho yake Simba wanacheza na Yanga. Jumapili asubuhi nikaamka mapema, nikawasha simu, nikaitazama Simba yangu ikila mkono, 5-1. Mama watoto aliniletea chai bila kusema neno.

Sasa kwetu ukifungwa tano wanasema umekula mkono. Mwaka 2024 Purdue ilifungwa 66-7 na Notre Dame hapahapa nyumbani, nikiwa nimekaa juu ya benchi langu, kisha ikafunga msimu kwa kuchapwa 66-0 na chuo kikuu cha Indiana kule Bloomington. Sitini na sita sijui ni viungo gani vya mwili. Msimu ule ushindi ulikuwa mmoja tu, dhidi ya Indiana State, chuo kingine. Kocha Ryan Walters akafukuzwa, akaja Barry Odom kutoka UNLV, chuo cha Las Vegas. Mwaka 2025 ushindi ukawa mara 2. Ndani ya Big Ten, ligi yenye timu 18 sasa, ni vipigo 18 mfululizo kwa misimu miwili.

Hapa kuna jambo ambalo mwenye tiketi ya msimu peke yake ndiye analigundua. Ushindi wote 3 ulikuwa nyumbani, kwa hiyo niliuona wote. Na wote ulikuja kabla ya katikati ya Septemba, jua likiwa bado kali na alumini ikiunguza mapaja. Aliyeanza kuja uwanjani majani yalipobadilika rangi hajaona hata mmoja.

Tuje kwenye hela, maana mapitio bila hela ni hadithi. Viti vyangu ni vya bei ya chini, dola mia mbili na ushee kwa kiti kwa msimu wenye mechi 6 au 7 za nyumbani. Wanaotaka viti vya katikati hutakiwa pia kutoa mchango kwa klabu ya wafadhili wa michezo ya chuo, na zamani asilimia 80 ya mchango wa aina hiyo mtu alikuwa anaiondoa kwenye hesabu za kodi. Tangu 2018 sheria imefuta hiyo nafuu. Mimi huko sifiki. Lakini maegesho nalipa dola 20 kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, ambaye Jumamosi hugeuza nyasi zake kuwa biashara, na watoto wakila humo ndani, 40 nyingine imekwenda. Mfuko unaoruhusiwa kuingia nao ni wa plastiki angavu, kila kitu kinaonekana, kwa hiyo kuficha sambusa sahau.

Tatizo halisi la tiketi ya msimu ya timu inayofungwa ni kwamba haina foleni nyuma yake. Timu ikiwa juu, unacholipia ni nafasi yako: ukiacha, kuna mtu anasubiri kukaa hapo, na ukirudi unaanzia mkiani. Timu ikiwa chini, nafasi hiyo haina mshindani. Msimu uliopita niliingia kwenye programu moja ya kuuziana tiketi asubuhi ya mechi, nikakuta viti mistari 20 chini ya changu vinauzwa dola 14. Mimi viti vya watoto siku hiyo nilivitoa kwa 9 kila kimoja, programu ikakata makato yake, nikabaki na hela ya mandazi. Mwenye akili atakwambia usinunue msimu, subiri Jumamosi, chagua hali ya hewa, chagua mpinzani, lipa kidogo. Na mwenye akili huyo yuko sahihi. Sina hoja ya kumpinga.

Kuna mechi moja tu ambapo hesabu hugeuka: timu kubwa zikija. Novemba 8, Ohio State walipokuja, mashabiki wao walikuwa tayari kulipa mara mbili au tatu ya nilichotoa mimi. Ningeuza vinne, nusu ya msimu ingejilipa. Jirani yangu wa mstari wa mbele aliuza. Nilipofika nikawakuta mahali pake vijana wanne wenye jezi nyekundu, wapole sana, wananipisha nipite. Walishinda 34-10, kila pointi wanaruka na benchi letu linatikisika. Sikumlaumu jirani. Ila nilijua mimi siwezi, na hilo si la kujisifu, ni udhaifu wa biashara.

Na bado sijamtaja mzee wa kiti cha 14.

Viti vyetu ni 15 hadi 18. Kiti cha 14 anakaa mzee Mmarekani wa hapahapa. Alikuwa mwanafunzi Purdue ilipoifunga USC, chuo cha California, 14-13 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya, ya Januari 2, 1967, Bob Griese akiwa ndiye mrusha mpira wa Purdue. Mechi yetu ya kwanza 2023 binti yangu, kwa mazoea ya nyumbani, alimwamkia shikamoo. Mzee akauliza ni nini hiyo, nikamweleza, nikamfundisha na jibu lake. Tangu siku hiyo kila mechi inaanzia hapo. Binti anapanda ngazi akihema, "Shikamoo!", na mzee anavua kofia, "Marahaba!", kwa lafudhi ambayo ingemfanya bibi yangu wa Temeke acheke hadi akae chini. Watu wa mistari ya jirani sasa nao wanaitikia marahaba, kila mmoja, hata asiyeamkiwa.

Septemba iliyopita USC walikuja, sasa wakiwa wenzetu wa ligi tangu 2024. Mechi ilipangwa saa 9 na nusu alasiri. Radi ikatanda. Kanuni ni kwamba radi ikipiga karibu, watu wote chini, na kila mweko mpya unaanza upya kuhesabu dakika 30. Tulikaa chini ya majukwaa zaidi ya saa 3, tumebanana kama kwenye mwendokasi jioni, zege linatoa jasho. Nilikuwa nimekuja na mishkaki tuliyochoma asubuhi kule kwenye maegesho, imebaki vijiti sita ndani ya karatasi ya jikoni (sijui mlangoni iliponaje, msiniulize). Mzee alikula vitatu. Alitusimulia jinsi baba yake alivyosikiliza ile mechi ya 1967 redioni akiwa amekaa ndani ya trekta, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kelele. Binti akalala begani kwake. Mechi ilipoanza jioni ilishaingia, tukafungwa 33-17, tukafika nyumbani usiku wa manane. Ukiniuliza niliona nini uwanjani siku ile sikumbuki hata mchezo mmoja.

Nikitoa nyota, basi: timu moja, nayo ni kwa kujitokeza. Benchi mbili. Ngoma kubwa ya bendi ya chuo, wanayosema ni kubwa kuliko zote duniani na imekuwepo tangu 1921, tano, maana binti anakuja kwa ajili yake. Walio karibu nawe uwanjani huwezi kuwapa nyota, na hakuna programu itakayokuuzia kiti kilicho karibu nao Jumamosi asubuhi kwa dola 14. Nimejaribu. Vya dola 14 vilikuwa chini, vizuri, vya kuona kila kitu, na sikumjua mtu.

Kinachoniuma zaidi ni Indiana. Saa mbili tu kusini kwa gari, wapinzani wetu wa damu, tunagombea kombe la ndoo ya mwaloni tangu 1925. Mwaka 2023 walishinda 3 wakafungwa 9, watu wanawacheka. Wakamleta Curt Cignetti kutoka James Madison, msimu uliofuata wakashinda 11, na uliofuata hawakufungwa hata mara moja: 16-0, mabingwa wa taifa, Januari 19 mwaka huu, 27-21 dhidi ya Miami. Njiani wakatupitia hapa nyumbani, 56-3. Kazini kuna jamaa mmoja wa Bloomington ambaye tangu Januari anavaa kofia moja tu. Anaponiona hasemi kitu, anaigusa tu. Mambo haya yanaweza kugeuka ndani ya miaka miwili, hilo sasa kila mtu analijua, na ndiyo maana barua za kulipia tena zinaandikwa kwa matumaini. Lakini ukweli mwingine ni kwamba aliyeacha tiketi zake Bloomington 2023 aliokoa hela na bado angeweza kununua tena 2024.

Juzi nilimpigia mzee simu. Nilitaka kumwuliza kama amelipa, nikazunguka kwanza, habari za baridi, habari za magoti. Akacheka.

"Nililipa siku ilipofika," akasema. "Daktari ananikataza zile ngazi. Sijamwambia zipo ngapi."

Halafu akauliza, "Na nyinyi?"

Nikasema bado tunazungumza na mama watoto.

"Mwambie marahaba," akasema, maana anadhani ndiyo salamu yenyewe.

Kijana wetu ana miaka 15 sasa, Jumamosi anacheza soka na hataki kusikia habari za Ross-Ade. Mama watoto alikuja mechi 2 mwaka jana, zote za jua. Kwa hiyo jana usiku nimefungua ile barua, nikaachia kiti cha 17 na cha 18, nikabakiza 15 na 16, nikalipa awamu ya kwanza. Wakavipatie wengine. Naomba tu wasiwe wa jezi nyekundu.

Mama watoto alikuwa jikoni, nikamwambia nimebakiza viwili.

"Ubaya uko wapi," akasema bila kugeuka. "Ila Novemba usinirudishie mtoto na mafua."