Ruta ya kampuni: bili naletewa mimi, funguo wanazo wao

Kasi ya intaneti yenyewe haina tatizo, niliseme hilo mapema nisije nikaambiwa nina chuki. Kwa kasi peke yake ningetoa nyota nne bila kusita. Ila siandiki kuhusu kasi. Naandika kuhusu fundi aliyekuja kufunga ruta nyumbani kwangu miezi kadhaa iliyopita na majibu aliyonipa, na kila nikiyakumbuka nyota zinazidi kupungua.

Kazi ya waya aliifanya vizuri, sina neno. Kebo ameipitisha pembeni mwa dari, hata huioni. Ruta ikatundikwa ukutani, taa zikawaka, akatoa simu yake akaanza kuandika. Nikachungulia. Jina la mtandao: jina langu kamili, la kwanza na la ukoo, kama lilivyo kwenye fomu. Nywila: namba yangu ya simu.

Nikamwambia, "Kaka, hiyo hapana. Namba yangu kila mtu anayo."

"Ndivyo tunavyowawekea wateja wote, ili msisahau."

Wote! Yaani ukipita popote walipofunga hawa, mtandao unaousoma kwenye simu yako umeandikwa jina la mtu, na nywila yake ni namba ya mtu huyohuyo. Anayekufahamu hahitaji hata ujuzi. Asiyekufahamu naye kazi yake si kubwa: ananasa zile taarifa ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kujiunga, anaondoka nazo, halafu huko kwake anaiachia kompyuta ijaribu namba moja baada ya nyingine, wala ruta yako haitajua kwamba kuna mtu anabahatisha. Namba ya simu ni tarakimu tupu, na zile za mwanzo zinajulikana na kila mtu. Zinazobaki ni mchezo kwa mashine yenye kadi nzuri ya picha. WPA2, ule mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi, inakubali nywila ya herufi 8 hadi 63. Nafasi yote hiyo, mtu anachagua namba ya simu!

Nikamwomba basi aniachie nywila ya msimamizi, ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, nibadilishe mwenyewe akishaondoka. Akaniangalia, kisha akaangalia mlango wa ndani.

"Mzee yupo?"

"Mzee gani?"

"Mwenye nyumba. Mambo haya huwa tunaongea naye."

Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi, mkataba una jina langu, na ndilo jina alilotoka kulitangaza hewani. Akacheka. "Dada, wewe tumia tu. Huko ndani ukigusagusa utaharibu, halafu utatupigia simu usiku." Akafunga mkoba wake akaenda zake, akaniachia vumbi la kutoboa ukuta sakafuni.

Jioni nikafungua kivinjari, nikaandika 192.168.1.1, anwani ya ruta yenyewe, nikatumia jina na neno la siri lililobandikwa chini ya ruta. Nikaingia, lakini kama mgeni. Jina la mtandao na nywila ya Wi-Fi niliruhusiwa kubadilisha, nikabadilisha hapohapo: jina lisilomtaja mtu, na nywila ndefu ya maneno yasiyohusiana. Mengine yote ama hayakuonekana, ama yalionekana kwa rangi ya kijivu ukibonyeza hayaitiki. DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, kijivu. Usimamizi wa mbali, haupo kabisa kwenye orodha. WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi badala ya nywila, imewashwa, na kitufe cha kuizima ni kijivu.

Hiyo WPS ndiyo ilinipandisha presha. Ile namba yake ya tarakimu 8 inaonekana ndefu, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho inakokotolewa tu kutokana na zile nyingine. Kwa hiyo badala ya kubahatisha mara milioni 100, mvamizi anahitaji majaribio 11,000 tu kwa wingi. Udhaifu huu ulitangazwa hadharani mwaka 2011. Huenda ruta hii ina kinga ya kujifunga mtu akikosea sana, lakini nitajuaje wakati sioni ukurasa wenyewe?

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, matangazo yao wenyewe, muziki tena. Kijana aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimepata mtu, kumbe alikuwa anasubiri ninyamaze aulize: "Kwani dada, una nini cha kuibiwa?"

Jamani. Anayeingia kwenye ruta na kubadilisha DNS anaweza kukupeleka kwenye tovuti ya bandia huku umeandika anwani sahihi. Anaweza kufanya uovu wake kupitia laini yangu, na akitafutwa anayegongewa mlango ni mimi. Na si lazima awalenge watu wenye mali: Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, ilijaza jeshi lake la vifaa vilivyotekwa kwa kamera na ruta za majumbani, kwa kujaribu tu nywila zile za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Nilimweleza yote haya. Akajibu kwamba mfumo hauruhusu.

Pamoja na hayo, nikatulia. Nywila ya Wi-Fi ilikuwa yangu, na kwa wiki kadhaa ruta ilifanya kazi vizuri ajabu, hata chumba cha nyuma kilipata mawimbi. Karibu niandike sifa, kweli kabisa.

Halafu asubuhi moja kila kitu nyumbani kikakatika kwa mpigo: simu, runinga, printa. Taa za ruta zote kijani. Nikafungua orodha ya mitandao kwenye simu, nikakuta jina langu kamili limerudi, la kwanza na la ukoo. Nikajaribu namba yangu ya simu. Ikafungua.

Walikuwa wameingia kutoka kwao usiku, "kuboresha huduma", na maboresho yakafuta kila nilichobadilisha. Sipingi kampuni kusasisha programu ya ruta. Ruta isiyosasishwa ni hatari kuliko yote, na kusema kweli wengi wetu tusingeifanya kazi hiyo wenyewe. Lakini mlango wa wao kuingilia ni mlango pia kwa wengine usipolindwa. Novemba 2016 huko Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom waliyumbishwa mtandao, baada ya washambuliaji kugonga ruta kupitia mlango namba 7547, uleule unaotumika kwa matengenezo ya mbali. Sasa mimi sina uwezo wa kuufunga, sina uwezo hata wa kuuona, halafu wenye uwezo huo wanautumia kurudishia namba yangu ya simu hewani!

Nikaenda kununua ruta yangu. Hiyo naisifu bila masharti. Ilikataa kuniunganisha mpaka nitunge nywila ya msimamizi kwanza, tena ilikataa nywila fupi. Uingereza wamelifanya hilo sheria tangu Aprili 2024, kifaa cha mtandao kinachouzwa kwa watu wa kawaida hakiruhusiwi kuja na nywila rahisi ya kiwandani inayofanana kwa wote. WPS nikazima. Nikachagua WPA3, ulinzi mpya zaidi, pamoja na WPA2, kwa sababu printa yangu ni ya kale. Runinga na wageni nikawapa mtandao wao wa pembeni, wasionane na kompyuta ya kazi. Kikwazo kilikuwa kimoja: yangu imechomekwa kwenye yao, na ruta zote mbili zilitaka anwani za 192.168.1, zikawa zinagombana, nikaihamishia yangu 192.168.50. Ikatulia, ila mwanangu akaanza kulalamika kwamba michezo yake haiunganishi vizuri, maana sasa anapita ruta mbili.

Nikapiga tena kule, nimejiandaa kwa vita. Akapokea dada mmoja, sauti ya upole. Nikamwambia nataka ruta yao ibaki daraja tu, yaani ipitishe intaneti bila kuisimamia, Wi-Fi yake izimwe, kazi yote ifanywe na yangu. Hakuuliza mzee yuko wapi. Akasema, "Subiri kidogo mama," nikasikia anabonyezabonyeza, taa zikazima, zikawaka. Akauliza, "Inapita?" Ikapita. Akaniambia pia ameandika kwenye faili langu kwamba mipangilio isirudishwe.

Nilimshukuru mpaka nikaona aibu. Halafu nilipokata simu hasira ikanirudia kuliko mwanzo. Kumbe kinawezekana! Kitufe kipo, kinabonyezwa kwa dakika chache, na mfumo "usioruhusu" uliruhusu mara tu ulipoangukia kwa mtu anayejua kazi yake. Yule kijana wa "una nini cha kuibiwa" alikuwa na kitufe hichohicho mbele yake.

Nilipanga nyota moja. Yule dada ameipandisha hadi tatu. Nimemkumbuka fundi, nimeirudisha hadi mbili. Kama ni wao waliokufungia na wewe, fungua orodha ya mitandao kwenye simu yako sasa hivi. Ukikuta jina lako limeandikwa hapo, badilisha jina na nywila leo, na ukipiga simu omba ruta yao iwekwe daraja. Wakikwambia mfumo hauruhusu, kata upige tena mpaka apokee mwingine.